Neno Moja Katika Karatasi ya Mzee Ernesti

Mwalimu Leticia aliisoma ile karatasi akiwa amesimama mlangoni kwake Makorora, mjini Tanga, mkoba ungali begani. Akaisoma tena. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, hii ulisomewa na nani?"

"Na Idarusi, karani wetu wa shambani. Alinisomea kwa Kiswahili vizuri tu, nikatia dole gumba."

Lilikuwa dole gumba la kushoto. La kulia lilikuwa limekwenda, pamoja na vidole viwili vilivyo jirani nalo. Mzee Ernesti alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika shamba moja la mkonge njia ya Pangani, akilisha majani kwenye mashine ya kusindika, ile wanayoiita korona. Mwezi wa tatu ikamvuta mkono. Akadai fidia, akadai na kuachiwa nyumba yake ya kambini.

"Alikwambia imeandikwa nini?"

"Kwamba nitaondoka na madai yangu yote."

Leticia aliketi. Karatasi ilisema kwa Kiingereza kwamba Ernesti "will walk away from all his claims".

Alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari, Chumbageni, miaka kumi na miwili, na hakuna mwaka alioliruka somo la vitenzi vya aina hiyo. Walk haimtishi mtoto yeyote, aliwaambia wanafunzi. Ipe kielezi away, na mtu ameshaondoka. Lakini kaondokaje? Hujui mpaka usome kihusishi kinachofuata na jina lake. Ukisema "walk away with the cup", umeondoka na kombe mkononi. Ukisema "walk away from the cup", umelitelekeza. "Msiishie njiani," aliwagombeza. "Someni mpaka mwisho wa fungu!"

"Kwa nini hukuniletea mimi?" alifoka sasa. "Kazi yangu mimi ni nini, baba?"

"Ulikuwa unasahihisha mitihani, mwanangu. Na Idarusi si ulimfundisha mwenyewe?"

Alimfundisha. Tena alikuwa wa pili darasani.

Kesho yake Leticia aliomba ruhusa shuleni, akaenda shambani. Idarusi alisimama alipomwona. "Shikamoo, mwalimu."

Leticia hakuitikia. Aliitandaza karatasi mezani, akaweka kidole chini ya lile neno. "Umesahau from ni nini?"

Kijana alitupia jicho mlango wa meneja, akashusha sauti. "Sijasahau, mwalimu. Meneja, Bwana Castory, aliniambia nimsomee hivyo. Nina watoto wawili."

"Na yeye ana vidole saba!"

Njia nzima alikuwa amejiandaa kumkuta mjinga. Mjinga angemkemea, pengine hata angemhurumia. Huyu alilijua neno vizuri, na alilijua kwa sababu yeye Leticia alimpigilia kichwani kwa chaki mpaka likaingia.

Castory alitoka kwa zile kelele. "Mama, karatasi imeshawekwa dole. Lugha ya ofisi ni Kiingereza. Kama mzee hakuelewa, angeuliza."

"Aliuliza! Akajibiwa uongo, na uongo wenyewe ulitoka kinywani mwako!"

Akatolewa na mlinzi. Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kufungua shauri la kazi. Liliahirishwa mara tatu. Mara ya nne mwamuzi wa shauri, mama mmoja mkavu wa maneno, alimwita Idarusi mbele. "Soma sentensi hii, kisha itafsiri. Yote."

Idarusi alisoma. Castory alikuwa akimtazama.

"Mlalamikaji," alisema mwishowe, "ataachana na madai yake yote."

Ndiyo mara ya kwanza Mzee Ernesti aliyasikia kinywani mwa Idarusi mwenyewe yale aliyoyatilia dole. Alisimama. "Niachane nayo? Mimi?" Akamgeukia Idarusi. "Kumbe ulikuwa unanitazama usoni, mwanangu, huku unajua?"

Karatasi ikabatilishwa, madai yakasikilizwa upya, na kabla ya Krismasi mzee alipata fidia yake. Nyumba ya kambini hakuipata. Akahamia kwa binti yake.

Idarusi alifukuzwa kazi mwezi uleule alioitafsiri karatasi mbele ya mwamuzi. Siku moja alikuja Makorora akiwa na bahasha ya vyeti vyake, akaomba mwalimu wake amwandikie barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine.

"Kaandikiwe na Castory," Leticia alisema, akafunga mlango.

Mzee Ernesti alikuwa ndani, amesikia. "Mwisho wake si alisema kweli?"

"Alisema alipobanwa, baba. Siku ile ulipokuwa peke yako mbele yake, mkono umefungwa bendeji, hakusema."

"Mimi nimeshamsamehe."

"Samehe wewe. Mkono ni wako. Aliyefundisha ni mimi."

Barua ile Leticia hakuiandika.