Programa wa Penseli

Siku niliyopunguzwa kazi nilifika nyumbani mapema. Mke wangu alikuwa nje ya mlango akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza, "Umefutwa ama unaumwa?"

"Nimepunguzwa," nikasema.

"Kama suruali?"

Huyo ndiye mwanamke niliyemwoa. Lakini baada ya hapo aliendelea kuchambua, na nikaona kwamba mawe anayaacha kwenye ungo na maharagwe anayatupa.

Nilikuwa programa wa kompyuta. Miaka hiyo, ukisema hivyo Eldoret, watu walikutazama kama umesema wewe ni nahodha wa meli. Kampuni yetu iliwauzia wakulima mbolea, mbegu na vipuri vya trekta. Mimi niliingia kama karani, na elimu yangu ya kidato cha nne, kisha wakanipeleka Nairobi kozi ya miezi michache. Mpaka leo naamini walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Kazi yenyewe ilikuwa ya penseli. Unapewa karatasi zenye miraba midogo midogo, kila herufi inakaa chumba chake kama wapangaji, na hapo ndipo unaandika maagizo ya kuiambia mashine ijumlishe nini na itoe nini. Jumatatu bahasha inapanda basi kwenda Nairobi. Huko kuna wasichana wanaotoboa kadi kufuatana na maandishi yako, na mashine inazisoma hizo kadi. Ijumaa basi linaleta majibu, furushi la karatasi pana yenye mistari.

Ukikosea alama moja, mashine inakataa kila kitu. Ijumaa unafungua furushi na kukuta ukurasa mmoja, na katika ukurasa huo neno moja la kukutukana. Unasahihisha, unangoja Jumatatu, unangoja Ijumaa nyingine, na muda huo wote meneja anapita karibu na meza yako akikohoa.

Kompyuta yenyewe niliiona mara moja tu, siku ya kufunga kozi, kupitia kioo cha dirisha. Ilikuwa kama makabati ya hospitali. Hatukuamkuana.

Kwa hiyo nilijifunza kuogopa kosa. Nilibeba karatasi zangu hadi nyumbani, nikakaa mezani nikijifanya mimi ndiye mashine, kidole kikifuata mstari kwa mstari, midomo ikihesabu. Mke wangu aliwaambia watoto, "Nyamazeni, kompyuta inafikiri." Chai ikipoa alisema kompyuta imezima. Sikujali. Wenzangu walienda kilabuni, walienda mpira. Mimi nilienda kitini. Nyumba ya kampuni ilikuwa vyumba viwili na jikoni yenye bomba la maji ndani, na kwangu hapakuwa na mahali pengine duniani palipostahili nauli.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa matatani. Makao makuu walinunua mashine ndogo zenye programu zilizokwisha kutengenezwa, penseli zikawa hazina kazi, na nyumba ikatakiwa ifikapo mwisho wa muhula wa shule. Nikikosa kazi hapa mjini tungerudi magharibi kwa baba yangu. Kwetu, mwanaume mwenye watoto ambaye hajajenga kwa babake haulizwi habari ya safari, anaulizwa atalala wapi. Na mimi sikuwa nimejenga hata choo; tungelala kwa ndugu yangu. Mke wangu naye alikuwa na darasa la watoto wadogo kanisani, ng'ambo ya barabara, na alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Tukiondoka, darasa lingepewa mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Alisema jambo moja tu kuhusu hayo yote: "Mimi nataka tulale chini ya paa moja. Paa la nini, hiyo ni juu yako."

Basi mtu wa kiti akatoka nje. Nilivaa suti ya harusi, ambayo ilikuwa imeamua kubaki na ukubwa wa siku ya harusi, nikaanza na viwanda. Kila geti lilikuwa na kibao cha HAKUNA KAZI, na kando ya kila kibao soja mwenye koti refu.

"Kazi gani?" soja mmoja aliniuliza.

"Programa wa kompyuta."

"Kadi ya chama uko nayo?"

Nilikuwa nayo. Chama cha siasa kilikuwa kimoja nchini, hata kupoteza kadi yake kulikuwa kazi. Aliikagua pande zote mbili, akanirudishia kwa heshima.

"Sasa, mzee, hiyo kompyuta yako iko wapi?"

"Si yangu. Nyinyi ndio mnatakiwa muwe nayo."

"Sisi hatuna."

"Basi siku mkiipata mtanihitaji."

"Sasa wewe," alisema, akianza kucheka, "umekuja kuomba kazi ya kuendesha kitu hatuna? Kesho atakuja mwingine na leseni ya ndege."

Nilicheka naye, ningefanya nini? Mahali pengine meneja alinisikiliza kwa makini sana, akanipeleka kwenye chumba cha nyuma, akanionyesha mashine ya kujumlishia iliyokwama mpini, akaniachia bisibisi. Mtaani nako habari ilienea kwamba niko huru, nikaanza kuletewa redio. Mama mwenye duka la kona, aliyetoka Mkoa wa Kati na kuhamia kwetu kabla mtaa haujawa na taa, aliniletea pasi ya umeme.

"Mama, mimi siyo fundi."

"Ulisomea mashine ama hukusomea?"

"Nilisomea kuziandikia."

"Basi iandikie hii iwache kunichoma."

Lakini ni mama huyo huyo aliyenisaidia. Mteja wake mmoja alikuwa sekretari katika ushirika wa maziwa, nje kidogo ya mji, na ushirika ulikuwa umepewa kompyuta na Wazungu wa msaada. Ilikuwa imekaa bila kazi miezi mingi. Walitafuta mtu wa kuifanya ikokotoe malipo ya wakulima. Sekretari alinitumia kitabu cha mashine hiyo kupitia dukani, kikiwa kimefungwa pamoja na mkate, nami nilikisoma kama mtu anayesomea ubatizo. Lugha yake haikuwa ngumu. Niliandika mifano yote kwa penseli, nikaipitia kwa kidole, nikaona nimeiva.

"Unajua utaweza?" mke wangu aliniuliza asubuhi hiyo akinifunga tai.

"Nimekariri kitabu chote."

"Sijauliza kitabu."

Chumba cha kompyuta kilikuwa kile kilichokuwa stoo ya dawa za ng'ombe, na mlangoni palikuwa na viatu vimepangwa kama msikitini. Miaka ile ilikuwa sheria kila mahali: chumba cha kompyuta hakikuingiwa na viatu, kwa ajili ya vumbi. Nilivua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimetoka kwenye soksi kuangalia mkutano. Mwenyekiti wa ushirika, mzee mmoja mkulima wa Ainabkoi, alikuwa amevua gamboti zake na kukaa na soksi nene za sufu. Alikitazama kidole changu, akatazama picha ya Rais ukutani, akaacha jambo hilo lipite. Sekretari aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, aina ile ile tunayofunikia makochi, akakikunja taratibu.

"Haya, kijana," mzee alisema. "Mkulima ameleta maziwa asubuhi na jioni. Kuna ya kumwagika, kuna ya kukataliwa, kuna chakula cha ng'ombe alichukua kwa mkopo. Mimi nataka hii kitu iniambie anapata nini. Unaweza?"

"Naweza, Mzee. Naomba karatasi."

Wakatazamana. Sekretari akanipa karatasi na kalamu, nikaomba penseli. Nikainama, nikaandika. Niliandika vizuri, naweza kusema hivyo bila aibu, kwa sababu ndicho kitu pekee siku hiyo nilichofanya vizuri. Nilipomaliza niliipitia kwa kidole, midomo ikihesabu, na mzee akamnong'oneza sekretari, "Anaomba?"

"Tayari, Mzee," nikasema, nikampa karatasi kwa mikono miwili.

Aliipokea. Mimi nikakaa wima nikangoja. Wao nao wakangoja. Nje ng'ombe alilia, tukamsikiliza sote. Mwishowe nikauliza kwa adabu kama majibu nije kuchukua Ijumaa.

"Majibu ya nini?" mzee akauliza.

Sekretari akasema pole pole, kama anavyosema mtu asiyetaka kukuumiza, "Si uiandike tu ndani ya mashine? Iko hapa."

Ilikuwa hapo, kweli. Nilisogeza kiti. Herufi za kinanda zilikuwa zimepangwa na mtu aliyeichukia alfabeti. Nilizitafuta kwa kidole kimoja, moja moja, kama kuku anayedonoa mchele kwenye changarawe, na jasho likaanza kushuka ndani ya suti. Sekretari alijizuia kunisaidia kwa nguvu sana. Niliona vidole vyake vikicheza juu ya paja. Nikafika mwisho. Akanionyesha kitufe cha kuianzisha, nikakibonyeza.

Ikalia. Mlio mmoja mfupi, na kwenye kioo likatokea neno lile lile la Ijumaa zangu mbaya. Kosa.

Nataka nieleweke hapa. Kwangu mimi neno hilo halikumaanisha kitu kingine isipokuwa wiki imekufa. Sikuwahi kuliona halafu nikaendelea na kazi siku hiyo hiyo. Ukiliona unafunga furushi, unaomba radhi, unarudi Jumatatu. Mwili wangu ulijua hivyo kabla akili haijaulizwa. Nikasimama. Nikasema, "Samahani, Mzee. Samahani, Mama. Nimeshindwa," nikatoka, nikavaa viatu bila kufunga kamba, nikapita getini. Nilisikia mzee akiniita. Nilidhani ananiaga.

Mke wangu nilimwambia nimekosa. Hakunitania. Alianza kukusanya maboksi kutoka dukani kwa Mama, akayapanga ukutani moja ndani ya lingine, na watoto wakayageuza magari.

Siku chache baadaye nilikuwa dukani nikinunua mafuta ya taa, sekretari akaingia.

"Wewe!" akasema. "Ulikimbia nini?"

"Si ilikataa."

"Ilikataa nini? Kulikuwa na mabano hujafunga, bana. Mahali pamoja. Niliyafunga nikabonyeza tena, ikakubali. Mzee alitoa hesabu ya ng'ombe wake mwenyewe akaanza kucheka peke yake."

Mama mwenye duka aliacha kupima mafuta. "Ati ilikubali?"

"Yote. Programu yake ni safi kabisa."

Niliuliza kama nafasi bado ipo. Sekretari alitazama viatu vyake.

"Kamati ilisema wewe umekataa kazi. Ulimwacha Mzee amekaa, ukatoka. Na kwa sababu mimi najua kupiga chapa, na programu sasa iko ndani, kazi wamenipa mimi." Nilimpa pongezi, na sikuwa nikidanganya. Alistahili kuliko mtu anayeukimbia mlio.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Nilimkuta anapokea maziwa, nikamweleza habari ya basi, bahasha na Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mfuniko wa mkebe.

"Kwa hivyo ukikosea kitu asubuhi," akasema, "unaenda nyumbani mpaka wiki ijayo?"

"Ndivyo tulivyofanya kazi, Mzee."

"Ng'ombe wangu hawangekubali." Alicheka, lakini si kwa ubaya. Kisha akasema ofisini hakuna nafasi tena, hata yeye hawezi kuvunja uamuzi wa kamati. Iliyopo ni ya karani wa kupokea maziwa kule Ainabkoi, alfajiri na jioni, na chumba cha mbao nyuma ya mizani. Chumba kimoja. "Na wewe una mwandiko," akaongeza.

Nilimweleza mke wangu jioni. Alikuwa akimenya viazi. Tulizungumza kidogo kidogo, katikati ya mambo mengine, kama watu wanaopitisha kitu kizito mlangoni. Kule hakuna darasa, na shule ya watoto iko mbali. Hapa kuna chumba cha mabati nyuma ya duka la kona, Mama amesema tukichukue.

"Basi ni mapaa mawili," nikasema.

"Magharibi ni moja," akasema. "La ndugu yako." Akafikiri. "Chukua Ainabkoi."

Tuligawa vyombo siku nyumba iliporudishwa. Aliniwekea sufuria ndogo, vikombe viwili, blanketi lile zito.

"Vikombe viwili vya nini?" nikauliza.

"Kimoja cha kunywa, kimoja cha kuvunja. Nakujua."

Kule juu niliandika kilo za maziwa katika ukungu, mikono ikiwa imekufa ganzi, na wakulima wakaniita Daktari kwa sababu ya mwandiko. Jumamosi nilipata lifti kwenye lori la maziwa hadi mjini. Nilikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, nilichopewa na mama mmoja, na nilikuwa nimekibeba kwa mikono miwili njia nzima.

Nilifika nyuma ya duka. Mlango ulikuwa wa bati, na sikujua unafunguliwaje, kama unavutwa ama unainuliwa. Ndani nilisikia watoto wakibishana na kijiko kikigonga sahani. Nilijaribu kuuvuta, nikajaribu kuusukuma, mwisho nikabisha hodi.

"Nani?" mke wangu akauliza.

"Mimi."

Akauinua kidogo kutoka ndani, ukafunguka. Akaniona na kibuyu changu na suti ya harusi.

"Karibu, mgeni," akasema, akitabasamu tayari kwa jibu langu.

Nilivua viatu mlangoni, nikaingia. Mtoto wa mwisho alisogea, akanipisha mahali pa kukaa.