Nyumba Niliyoipenda Same

Mimi ni mtu wa kibarazani. Cherehani yangu iko mbele ya nyumba ya mama yangu, Usangi, na nikiwa hapo naona yote ninayohitaji kuyaona duniani: migomba, njia ya sokoni, na ukungu unaopanda kutoka bondeni kila asubuhi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wateja huja na nguo zao, mimi siendi kokote. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa pale, na bado nimekaa.

Aliyeninyanyua ni mke wangu. Yeye ni muuguzi, na amehamishiwa Same. Kwa miezi kadhaa alikaa chumba kimoja na mwenzake wa kazi, akipanda kwetu siku za mapumziko, mpaka siku moja akasema amechoka kulea mtoto kwa simu. Mama yangu naye alikuwa na jibu lake.

"Nakundwa abaki na mimi," alisema. "Huko mjini mtamkausha."

Nakundwa ni binti yetu, yuko darasa la tatu. Walipokuwa wanamgombania hivyo, yeye alikuwa chini ya meza yangu akilivisha gunzi la mahindi mabaki ya vitambaa.

Wakakubaliana wao wawili, mimi nikaarifiwa. Niende Same na mtoto, nitafute shule na nyumba. Nikipata, tunahama wote likizo ikifika. Nikirudi mikono mitupu, Nakundwa anabaki kwa bibi yake. Nilimwuliza mke wangu kwa nini asichague yeye aliyeko huko.

"Chagua wewe, Baba Nakundwa," akasema, "ili joto likikupata usinilaumu."

Alhamisi alfajiri, Usangi. Mama alimvisha mjukuu wake sweta zito la kijani alilolifuma kwa mkono wake, akafunga vifungo mpaka shingoni. Nilitaka kusema kwamba Same si mahali pa sweta, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa koti. Akatupatia makande ndani ya chombo chenye mfuniko.

"Mtarudi kabla hayajachacha," alisema.

Kutoka Usangi hadi Mwanga barabara inateremka kwa kona. Wenzangu kwenye gari walikuwa wanapiga soga, wengine wamelala. Mimi nilikuwa kazini, nikilisaidia gari kushika breki.

"Baba, unashika nini?" Nakundwa aliuliza.

"Kiti."

"Hilo ni goti langu."

Mwanga tukapanda basi la kwenda Same. Mkonge ukatupita pande zote, mistari iliyonyooka ambayo fundi cherehani hawezi kuitazama bila wivu. Baada ya Lembeni milima yetu inaisha, kunakuwa na uwazi, halafu inaanza milima ya Upare wa kusini. Pale kwenye uwazi niligeuka nyuma mara nyingi mno, hadi abiria aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kama tunafahamiana.

Mchana, Same. Tulipokelewa na upepo wa moto wenye vumbi. Nilimtafuta Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa na nyuzi, ambaye kwa miaka amekuwa akinitumia mizigo kwa basi. Tulikuwa tunajuana kwa sauti tu. Alinitazama kuanzia kwenye koti hadi viatuni.

"Fundi," akasema, "kumbe una miguu."

Alitupa maji ya kunywa, akamwita dalali wa nyumba, mtu mzima mwenye miwani ya jua na funguo nyingi kiunoni. "Mpeleke taratibu," alimwambia. "Huyu ni mgeni wa hewa."

Nyumba ya kwanza ilikuwa chini, karibu na soko. Vyumba viwili kwenye ua wa wapangaji, na ng'ambo ya njia mafundi wanachomelea madirisha ya chuma. Ukuta niliugusa nikarudisha mkono. Mwenye nyumba, Mama Rehema, alikuwa anafua bombani, maji yakimwagika kwenye beseni.

"Karibu, baba. Kelele utazizoea."

Nilimshukuru. Moyoni nilikuwa nimeshashindwa kuzizoea. Na mlima hauonekani kabisa. Umezibwa na ghorofa ambalo halijaisha.

Nyumba ya pili ilikuwa juu, mji unakoanza kuupanda mlima. Nilipoona miamba na kijani kimeninamia kwa nyuma, na mbele nyika yote imetandazwa mpaka macho yanachoka, nilivua koti bila kuambiwa. Upepo wa huko ulikuwa na adabu. Uani palikuwa na bomba. Nililifungua, likakohoa hewa.

"Leo si zamu yao," dalali alisema.

Zamu naijua. Kwetu maji ya mfereji hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la kuchimba lililo juu ya mashamba, na yakifunguliwa asubuhi shamba la juu ndilo linalolowa kwanza. La kwetu ni la pili kutoka ndivani. Nimekua nikiwahurumia watu wa chini. Nikaipima hii nyumba kwa macho: hakuna nyingine kati yake na mlima. Maana yake maji yatafika kwetu kabla ya mtu yeyote wa Same. Nilijiona mjanja sana.

"Baba," Nakundwa alisema, "mbona madumu ni mengi hivi?"

Kweli, yalikuwa yamepangwa ukuta mzima, ya njano, yamekauka.

"Watu wa hapa ni watunzaji," nikamjibu.

Nikampa dalali neno langu. Kesho nikishaiona shule, tunaandikishana.

Jioni mke wangu alitoka kazini, tukala makande dukani kwa Bi Zuhura, ambaye alikuwa ametupatia na pa kulala. Nilimweleza habari za nyumba ya juu kwa mikono miwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha wala hakusifu. Alisema tu, "Shule kesho mfike mapema. Kabla ya kengele."

Ijumaa asubuhi, langoni kwa shule ya msingi. Mimi shule nazikagua kwa sare. Kuta zinapakwa rangi mgeni akija, lakini pindo la sketi halidanganyi. Hapa niliona viraka vingi, vimeshonwa vizuri, uzi wa rangi ileile ya nguo. Nikajiambia watoto hawa wana watu wanaowaangalia wakitoka nyumbani. Niliipenda.

Kengele ikalia. Wakaanza kuja wachelewaji, wamekusanyika kundi, wengi wa umri wa Nakundwa. Mwalimu wa zamu, mama mmoja mrefu, akawasimamisha kando ya lango. Niliona mashati yao meupe yamelowa mgongoni, kuanzia kwenye kola.

"Wamekimbia sana maskini," nikasema. "Jasho lote hilo."

"Si jasho, baba," Nakundwa alisema. "Ni ndoo. Haina mfuniko."

Akamsogelea msichana aliyekuwa karibu. "Mmetoka kuteka maji?"

"Ndiyo."

"Mnakaa wapi?"

Msichana akaelekeza kidevu mlimani. Kule juu. Kulekule.

"Na maji mnachota wapi?"

"Kwa Mama Rehema. Kule chini."

Mwalimu aliuona uso wangu, nadhani akanihurumia. "Hawa wa juu tumeshawazoea, mzazi. Maji ya bomba hayana nguvu ya kuwapandia. Huku chini yanatoka, wao wanasikia hewa. Basi ni ndoo kwanza, shule baadaye." Halafu akawaambia, "Haya, ingieni. Siku nyingine mjitahidi." Alivyolisema, nilijua hulisema kila siku.

Nakundwa alibaki anawatazama wakiingia. "Baba, na mimi nitakuwa naanza na ndoo?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza kama mtu anayeuliza kengele inalia saa ngapi, ili ajipange. Nikamwona na sare yake iliyolowa, akiwa amesimama kando ya lango kwa ajili ya upepo ninaoupenda mimi. Hapo Mama angekuwa na haki yote ya kubaki naye.

Nikaingia kuzungumzia uhamisho. Nikitoka nilimpigia dalali kurudisha neno langu, tukashuka kwa Mama Rehema.

"Si ulikimbia kelele?" aliuliza.

"Nimezikumbuka."

Alicheka, akatuonyesha kibaraza ambako cherehani ingekaa vizuri. Kinatazama mafundi wa madirisha. Cheche zao, nikisema ukweli, si mbaya.

Mchana nilimwuliza mke wangu kama alikuwa anajua.

"Nimekaa hapa miezi, Baba Nakundwa. Ningekuambia, ungesema nimekunyima mlima."

Jumamosi tulipanda kurudi Usangi. Kwa mzazi anayefikiria kuhama, nilichojifunza ni hiki: nyumba usiipende mchana umesimama kwenye upepo. Nenda langoni kwa shule asubuhi, utazame watoto wanavyofika. Wao nyumba zote za mji wameshazikagua.

Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmepata?"

"Tumepata," Nakundwa alisema. "Bibi, kuna joto na kelele, na mlima hauonekani. Ila ukifungua bomba maji yanatoka, na shule unaenda umekauka."

Mama alimvuta mjukuu wake karibu. Kisha akamvua sweta, kifungo kimoja kimoja kutoka shingoni, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hili likae hapa," alisema. "Huko halina kazi. Ukija likizo utalikuta."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuelekea kwenye cherehani yangu kukaa kidogo. Mama alikuwa bado amenyoosha mkono, na safari hii alikuwa ananitazama mimi.

Nikavua koti.