Kiatu cha Kushoto

Mwenye duka hakunipa viatu. Alinipa kiatu, kimoja, cha kushoto, akakizungushia gazeti kuukuu na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama akitazame," alisema. "Akikipenda, mwenzake yuko ndani ya boksi, haendi popote."

Ndivyo yalivyofanya maduka ya viatu kando ya soko la Kariakoo siku zile. Cha kushoto ndicho kilichotundikwa mlangoni, ndicho watu walichojaribu, na ndicho kilichotolewa kipelekwe nyumbani kwa wanawake wasiotoka. Cha kulia hakikuonekana mpaka siku ya kununua. Mwizi wa kiatu kimoja hajazaliwa, alisema mwenye duka, Mwarabu mnene mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyekuwa akisali msikiti mmoja na baba yangu.

Mama alikuwa miongoni mwa wasiotoka. Baba alikuwa amefariki miezi miwili na nusu nyuma, na mama alikuwa amekaa eda katika chumba cha uani, pamoja na shangazi yangu aliyehamia kwetu kumtunza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Zilikuwa zimebaki siku hamsini na tatu. Meli yangu ilikuwa iondoke baada ya siku kumi na moja. Nilizipiga hesabu hizo kwa vidole, kisha kwa penseli, kisha kwa vidole tena, nikitumaini kwamba nimekosea. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Siku ya kumtoa eda ningekuwa Ulaya.

Safari yenyewe niliipata baba akiwa hai. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na walimu walinijua kwa kusoma kwa sauti. Bwana mmoja wa Kiingereza, aliyekuwa akiwafundisha Kiswahili maofisa wanaokuja huku kutawala, alitaka kijana wa pwani akae naye miezi minne ya kiangazi cha kwao, asome, wao wasikilize. Baba alicheka sana aliposikia. Alisema kumbe kuna nchi mtu hulipwa kwa kufungua mdomo, na sisi huku tunaambiwa tufunge. Mwezi uliofuata homa ilimchukua kwa siku tatu.

Barua ya mwisho ya yule bwana ilikuja baada ya mazishi. Ilisema kwamba yeye hupenda kutembea vilimani kila mwisho wa juma, mwendo wa kutwa, nami nitafuatana naye. Kwa hiyo nije na viatu vizuri vya kutembelea, visivyoumiza miguu, na vyenye sura ya kukaa mbele za watu.

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote chuoni. Visivyoumiza, nilielewa. Sura ya kukaa mbele za watu, sikuelewa. Watu gani? Vyeusi vingesema nimetoka kwenye msiba. Vya kahawia vingesema nimetoka shamba. Nilikuwa nimesikia kwamba kule hawavui viatu mlangoni, wanaingia navyo hadi kwenye zulia, na hilo peke yake lilininyima usingizi. Nikivua, watacheka. Nisipovua, nitakuwa nimekaa sebuleni kwa mtu na uchafu wa njiani. Na soksi je? Na soli ikiwa inalia juu ya sakafu ya mbao, kila mtu akageuka?

Niliwaza hayo kwa sababu mengine hayakuwazika. Siku ya mazishi sikulia. Nilitia mchanga konzi tatu kama wengine, na nilichokuwa nikifikiri ni kwamba mchanga umeniingia kwenye ukucha. Juma moja baadaye nilimwona mtaani mzee aliyemwosha baba, amevaa makubadhi ya baba. Lilikuwa jambo la kawaida. Kwetu vitu kama hivyo hupewa mwoshaji. Niliyatambua kwa gidamu iliyoshonwa kwa uzi wa buluu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, baba," akapita. Nilisimama nikingoja moyo useme neno. Haukusema. Nikaendelea kufikiri juu ya soli.

Lakini kulikuwa na jambo moja lisilokwepeka, nalo ni radhi ya mama. Mtu havuki bahari bila radhi ya mama yake, tena mama aliye edani. Akiondoka bila hiyo, hata akifika salama, hajafika. Nilipaswa kukaa mbele yake na kusema, "Mama, naomba radhi niende." Kila jioni niliingia chumbani mwake na maneno hayo mdomoni, na kila jioni nilitoa kiatu.

Cha kwanza kilikuwa cheusi, cha kung'aa. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika nguo nyeupe. Alikipokea, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kifundo, akapapasa taratibu kwa vidole, kama anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Ngozi ngumu," alisema.

"Cha hakimu hicho," alisema shangazi. "Akivaa hicho atamfunga mtu."

Cha pili kilikuwa raba nyeupe ya turubai. Shangazi alikishika kwa vidole viwili, akakinyanyua kwenye taa.

"Mwanangu, unakwenda Ulaya kusoma au unakwenda kucheza mpira?"

"Ni chepesi, shangazi. Kwa kutembea milimani."

"Na mvua ikinyesha? Wanasema kule mvua hainyeshi, inakaa."

Mama alikipokea. Aliingiza mkono, akautoa, akanirudishia. Nilimwuliza kama anadhani Wazungu wanavua viatu mlangoni. Akaniangalia.

"Nitajuaje, mwanangu?"

Nikakifunga tena kwenye gazeti. Maneno ya radhi yakabaki palepale yalipokuwa.

Siku ya nne niliporudi dukani, mwenye duka aliacha kuhesabu makopo yake ya mafuta ya viatu akaweka mikono kiunoni.

"Mwanangu, unanunua kiatu au unakiposa?"

"Bado nafikiri."

"Fikiri. Lakini hata mposaji hupeleka barua moja akangoja. Wewe umeshawatoa binti zangu wote nje." Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Akashusha sauti. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Na wewe?"

"Mimi nataka kujua kama soli hii inalia juu ya mbao."

Aliinua macho kwenye viatu vilivyotundikwa. Kisha akanishushia kiatu cha tatu: cha kahawia, cha gidamu, soli nene, ncha ya mbele ya mviringo, kimeshonwa mshono maradufu ukingoni. Kilikuwa kizuri. Nilijua kwamba ni kizuri kama mtu anavyojua kwamba chakula kimeiva kwa kusikia harufu, bila kuwa na njaa.

Mama aliingiza mkono, akakaa nacho muda mrefu kuliko vile vingine. Akaniambia nivae nisimame. Nikavaa, nikasimama mguu mmoja kiatuni, mwingine peku. Akabonyeza ncha kwa kidole gumba kutafuta kidole changu kilipoishia.

"Hiki," alisema.

Kesho yake nilikwenda kununua. Mwenye duka alitoa cha kulia kwenye boksi, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunga vyote viwili mwenyewe. Nikiwa nimekaa, vyote vilikuwa sawa. Alinikumbusha sharti lake: kiatu kikishagusa mchanga wa nje ni chako, hakirudi. Nikasema nimeelewa. Nikatoka navyo miguuni, na nilipofika kona ya kwanza kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimeanza kuuma.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimetembelea miguu yangu, na sikuwa najua kwamba haifanani. Siku tano nzima nilikuwa nimewaza rangi, soli, mbao, mvua na mazulia ya watu, na siku zote hizo nilikuwa nikipima mguu mmoja. Nilisimama pale kwenye kona, watu wakinipita na matenga vichwani, nikatazama nyuma dukani. Mchanga ulikuwa tayari umeshika kwenye mshono.

Shangazi alipopewa habari alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Kisha akatafuta dawa. Alikijaza kiatu cha kulia choroko kavu, akazinyunyizia maji, akakiweka uani. Choroko zikivimba, alisema, zitasukuma ngozi. Alikisahau siku mbili. Tulipokikumbuka, choroko zilikuwa zimechipua, vikia vyeupe vimetokeza kwenye matundu ya gidamu.

"Sasa unaweza kwenda," alisema shangazi. "Una shamba lako mguuni."

Nilimsikia mama akicheka chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilijaribu kufurahi. Nilikung'uta choroko, nikapangusa ndani, na harufu ya mboga mbichi haikuisha kabisa kwenye kile kiatu. Kilikuwa kimelegea, lakini si vya kutosha.

Siku zilizobaki nilizitumia kukizoeza. Asubuhi nilikwenda kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, nikawa natembea kutoka ukingo wa Kariakoo mpaka ukingo wa Uhindini, nageuka, narudi. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walinitazama siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja akashindwa kuvumilia.

"Bwana mpimaji! Serikali inajenga nini hapa?"

"Anahesabu hatua," alisema mwenzake. "Akikosea anaanza upya."

 Ilikuwa kweli kwamba nilihesabu hatua. Kidole kiliuma, nami nilikisikiliza. Ndicho kitu pekee mwilini mwangu kilichokuwa na la kusema.

Siku ya kuondoka, baada ya sala ya adhuhuri, mjomba alikuja na hamali mwenye mkokoteni. Wakapakia sanduku langu. Majirani wanaume walijaa barazani. Nilimuaga mama chumbani mwake. Nilimbusu mkono, naye akanisomea dua, na nikangoja yale maneno yangu yatoke. Hayakutoka. Nikasema, "Haya, mama," kama mtu anayekwenda sokoni, nikapita ukumbini hadi mlango wa mbele.

Viatu vilikuwa nje, mahali vinapovuliwa. Nikakaa kizingitini, mgongo wangu ukielekea ndani, nikaanza kufunga gidamu. Vile vyeusi vilikuwa vya kuchomeka mguu tu, na raba ningeivaa nikisimama. Hivi vya kahawia vilikuwa na matundu saba kila upande. Nyuma yangu shangazi alirudisha ubao mmoja wa mlango. Kisha nikasikia pumzi ya mama nyuma ya ule ubao. Alikuwa amekuja mpaka pale, mahali ambapo wanaume wa nje hawakuweza kumwona, na pale ndipo mwisho wake.

"Cha kulia hakibani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kinabana kidogo."

"Usikaze."

Nikalegeza, nikaanza upya tundu la kwanza.

"Bwana," alisema mjomba kutoka barabarani, "meli haifungwi kwa gidamu. Itaondoka."

"Mwambie aache mtoto avae," mama alimwambia shangazi, na shangazi akalirusha neno hilo nje kwa sauti yake yote. Watu wakacheka. Mama akangoja wanyamaze.

"Uliniuliza ngozi," alisema. "Ukaniuliza rangi. Ukaniuliza Wazungu wanavua wapi viatu, kana kwamba mimi nimefika. Mbona lile moja hukuniuliza?"

Vidole vyangu vilisimama kwenye tundu la tatu.

"Niliogopa utasema hapana."

"Na ningesema hapana?"

"Nisingekwenda."

"Ungefurahi?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli. "Sijui, mama. Sisikii kitu. Tangu siku ile sisikii kitu."

 Nje, hamali aliinua mikono ya mkokoteni akaishusha tena.

"Mimi pia," mama alisema. "Nilidhani ni peke yangu."

Sikugeuka. Kama ningegeuka ningeona ubao tu.

"Haya, niombe basi," alisema. "Watu wanangoja."

"Naomba radhi, mama."

"Radhi unayo. Shangazi yako atanitoa eda. Wewe nenda kasome, na usome wazi, usiwamezee maneno." Kisha akaongeza, "Na hicho cha kulia, ukirudi nataka nitie mkono nione kimelegea kiasi gani."

Nikafunga matundu yaliyobaki. Nilifunga polepole, nikafungua cha kushoto ambacho hakikuwa na kosa lolote, nikakifunga tena. Hakuniambia nifanye haraka. Niliposimama nilisikia miguu yake ikirudi ukumbini, peku, mpaka mlango wa chumba cha uani ukafungwa.

Tulikwenda kwa miguu, mkokoteni ukitangulia. Kufikia katikati ya Mnazi Mmoja nilikuwa nachechemea. Wale wanaume walikuwa wamekaa palepale kwenye nyasi, na safari hii, walipoona sanduku, hakuna aliyesema kitu. Mjomba alinishika kiwiko, akaniambia nikae chini nilegeze kile kiatu, muda bado upo.

"Hapana," nilimwambia. "Kiache."