Mama Sayo Hafichi Wivu Wake

Kumepambazuka sokoni Kanazawa, Japani, na Chizuru Nogami anamimina mayai kwenye kikaango cha shaba. Anayakunja kwa vijiti, anamimina tena, anakunja tena. Mkunjo unatoka mnene, wa manjano, na wateja wameshajipanga.

Akirudi nyumbani, binti yake Sayo, wa miaka saba, humpungia mkono kwa mbali. Mama lazima kwanza aoge na kubadili nguo. Yai kidogo tu likimwingia Sayo mdomoni, koo linavimba na pumzi inakatika.

"Nalisha watoto wa mji mzima kasoro wangu," anasema Chizuru. "Nawaonea wivu wote. Ila anayeniuma roho zaidi ni Genta."

Genta ni mtoto wa Masumi Terada, muuza tofu, jibini ya soya, wa kibanda cha jirani. Mwaka juzi watafiti wa hospitali moja walianza kuwazoesha watoto wenye ugonjwa huo yai kidogo kidogo, madaktari wakiwaangalia. Fedha zilitosha watoto ishirini tu, ikapigwa kura ya bahati. Genta akapata, Sayo akakosa.

Genta alipopona, kitu cha kwanza alichotaka ni mkunjo wa Mama Sayo. Chizuru alimkatia kipande kwa mkono wake, akatabasamu, kisha akaenda nyuma ya kibanda kulia.

Siku hizi kila Jumapili kina mama hao wawili husimama mbele ya stesheni wakiomba saini, ili serikali iongeze fedha za utafiti. Masumi huja na Genta, ale yai watu wamwone. Jumapili iliyopita wapita njia walimpigia makofi, wakampongeza, wakaenda zao bila kusaini. Walidhani kazi imekwisha.

Chizuru alishindwa kuvumilia, akachukua kipaza sauti.

"Mtoto huyu namwonea wivu," alisema. "Wangu ana ugonjwa huohuo. Kilichowatenganisha ni kura."

Watu wakasimama. Chizuru akamgeukia mwenzake, macho mekundu. "Usiniambie pole, Mama Genta. Na wewe nakuonea wivu."

"Nionee tu," alijibu Masumi. "Hata mimi ningekuonea gere. Lete kalamu, watu wanasubiri."

Saini hizo zitapelekwa bungeni kabla ya masika. Fedha zikitoka, kundi la pili litaanza, na Chizuru anaomba Sayo awemo.

"Akipona, siku hiyo sitaoga," anasema, akigeuza mkunjo. "Nitaingia nyumbani nikinuka mayai hivihivi, anirukie. Na Mama Genta nitamwita aje atazame, naye aone wivu kidogo."