Maji ya Mzee Ombati

Moraa alipofika Northfield, ughaibuni, kumlea bintiye Audrey, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume, hakuogopa kuogesha wala kubeba. Alimwogopa mkwewe. Kwao Kisii, mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mkono wala hawatazamani usoni, na kugombana ni mwiko. Na nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Watu wawili wakiingia jikoni, mmoja lazima asimame mlangoni.

Bahati nzuri mtoto alipewa jina la Ombati, marehemu baba yake Eric, mkwe huyo. Basi Moraa alipokuwa na neno la kumwambia Eric, alimwambia mtoto.

"Mzee Ombati," alikuwa akisema huku akimpangusa mate, "mwambie kijana wako viatu vyake vinanuka hapo mlangoni."

Na Eric, macho yakiwa dirishani, alikuwa akijibu, "Mzee, mwambie nyanya vinaondolewa."

Wakaishi hivyo kwa amani mpaka ilipofika habari ya maziwa.

Maziwa ya Audrey yalikuwa machache, kwa hiyo mtoto aliongezewa ya unga. Eric alikuwa dereva wa mashine ya kuinua mizigo kwenye ghala moja upande wa Great Barr, na akitoka kazini alinunua maji ya madini kwa katoni. Alikulia Nairobi, katika mtaa ambao maji ya mfereji yalileta homa ya matumbo na chupa iliyofungwa ilikuwa ya mgeni wa heshima. Imani hiyo alivuka nayo bahari bila kuipunguza. Alifungua chupa, akamimina, akatia unga, akatikisa, akampa mtoto. Hakuchemsha.

"Mzee," Moraa akasema, "maji ya mtoto mchanga hupitia motoni kwanza."

"Mzee, mwambie nyanya haya yametoka ndani ya mwamba, hakuna mkono ulioyagusa. Ukiyachemsha unaua madini."

"Mimi nataka alale tu," Audrey akasema kutoka kwenye kochi, macho amefumba.

Haikupita muda tumbo la mtoto likaanza kunguruma. Akawa anakunja miguu na kulia. Moraa akaumia rohoni, lakini ulimi wake ulifungwa na mwiko wa mkwe. Mikono haikufungwa. Eric alipokwenda kazini, Moraa alichemsha maji ya mfereji, akayapoza, akafungua chupa zote za mwamba, akazijaza maji yake na kukaza vifuniko kwa kitambaa. Yale ya madini hakuyatupa. Alipikia maharagwe, na yaliyobaki akalowekea miguu.

Tumbo likatulia. Eric akanyanyua mabega.

"Umeona, Mzee? Hayo ni madini."

"Kweli kabisa, Mzee," Moraa akasema. "Mwambie baba yako hata mimi nayasikia miguuni."

Siku moja akaja Cheryl, muuguzi anayetembelea watoto wachanga majumbani, mama mnene mwenye sauti ya upole. Aliona katoni jikoni akauliza ni za nani. Eric akaeleza kwa fahari. Cheryl akatikisa kichwa. Maji ya chemchemi, alisema, hayakosi vijidudu vyake, na vikikaa ndani ya chupa huongezeka. Mtu mzima havimsumbui, lakini mtoto mchanga ni habari nyingine. Tena chumvi yake huweza kuzidi. Afadhali ya mfereji, yachemshwe.

"Anasema nini, Mzee?" Moraa akauliza, ingawa uso wa Eric ulikuwa umeshamwambia.

"Anasema... tuchemshe," Eric akamwambia mtoto, polepole.

Moraa akabana midomo kama mtu aliyeshika chai ya moto mdomoni.

Cheryl akachukua chupa moja ili amwonyeshe Eric maandishi. Kifuniko kikazunguka mkononi mwake, bila ule mlio wa chupa mpya. Akachukua ya pili. Nayo vilevile.

"Nani amezifungua hizi?"

Eric aliziangalia chupa zake. Audrey, aliyekuwa ameamka, akamwangalia mama yake. Moraa angenyamaza, lakini Audrey akamtafsiria kwamba Cheryl anauliza ni chupa ngapi mtoto amekunywa, na kama choo chake kipelekwe kupimwa.

"Mzee Ombati," akasema, akimvuta mtoto kifuani, "waambie umekunywa ya mfereji. Niliyachemsha. Ya mwamba nilipikia maharagwe."

Audrey akatafsiri, akiwa amefunika mdomo kwa blanketi. Moraa akangoja sifa zake.

Hazikuja. Maji yaliyochemshwa yakapoa, Cheryl akasema, kisha yakakaa siku nyingi kwenye chupa isiyochemshwa, nayo hayafai. Na unga wenyewe una vijidudu vyake; hufa tu ukikutana na maji ambayo bado ni ya moto. Halafu maziwa ndiyo yapozwe.

Sasa Eric alitafsiri mwenyewe, kila neno, wala hakuruka hata moja.

"Mzee," Moraa akasema, "mwambie baba yako amesikika."

Eric akatoka kwenda uani kucheka. Mbele ya mama mkwe mtu hacheki hivyo, lakini dirisha lilikuwa wazi na wote walimsikia.

Cheryl alipoondoka, mtoto akaanza kulilia chakula. Audrey alikuja na mtoto na chupa safi akawakuta mama yake na mumewe jikoni, wamepeana migongo, katikati yao birika la umeme lililojazwa kwenye mfereji.

"Mnangoja nini?"

"Mzee, mwambie mama yako tunangoja yapoe," Eric akasema.

"Kidogo tu, Mzee," Moraa akaongeza, akitazama ukutani. "Na baba yako asithubutu kupuliza."