Kompyuta ya Marehemu Hani

Hani Salah alifundisha shule za msingi kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo alikuwa na kazi ya pili ambayo hakutumwa na mtu: kukusanya buraanbur, mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyaghani kwenye arusi huku wakipiga makofi na ngoma. Mume wake, Diriye, alikuwa afisa wa mifugo. Kila alikohamishwa, iwe Griftu au Hulugho, Hani aliwatafuta wanawake waliojua mashairi, akakaa nao, akaandika. Akirudi nyumbani aliyachapa kwenye laptopu yake.

Hakuyapa majina. Kila shairi lilikuwa faili, na faili ilikuwa na namba tu: 0001, 0002, mpaka zikapita elfu moja. Watu walipomuuliza angewezaje kupata kitu humo, alicheka.

"Nikitaka shairi la ngamia naandika ngamia," alisema. "Linakuja lenyewe."

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Miezi minne ya mwisho aliimaliza kitandani, nyumbani kwao Waberi mjini Garissa, laptopu ikiwa juu ya mto. Wiki moja kabla ya kufa alimwita binti yao wa pekee, Idman, muuguzi anayefanya kazi Mandera.

"Nimekuandikia buraanbur yako," alimwambia. "Usiisome sasa. Siku ya arusi mpe mama yako mdogo Faduma aighani. Tafuta jina lako tu, utaiona."

Idman aliahidi, na ahadi hiyo aliitunza. Miezi minane baada ya mazishi alipata mchumba, tarehe ikawekwa, na bado hakuwa ameigusa ile laptopu.

Aliyeigusa ni Diriye. Zilipobaki siku kumi na mbili kabla ya arusi aliiwasha kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ilichukua karibu nusu saa kuamka, kisha ikaganda. Aliogopa binti yake asije akahangaika nayo siku zake za furaha. Akaifunga kwenye kitambaa na kuipeleka kwa Batula Diba.

Batula ana duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta, mwendo mfupi kutoka msikiti wa mtaa. Ni Mborana kutoka upande wa Wajir, mama wa watoto wawili, na kwa vile yeye na Diriye hawana lugha moja ya nyumbani, huzungumza Kiswahili.

"Hii inahitaji mfumo mpya, mzee," alisema baada ya kuikagua. "Nitafuta kila kitu niweke upya. Kwanza tunatoa faili zako tunaziweka kwenye diski ya nje. Za muhimu ziko wapi?"

Diriye alimwonyesha folda kubwa ambayo Hani alikuwa ameiita Mashairi. Batula akainakili yote, akahesabu faili, zikatimia 1,206.

"Na hizi zilizo hapa mbele?" aliuliza. Alionyesha kwa kidole skrini ya kwanza, ile inayoonekana kompyuta ikishawaka. Kulikuwa na vijipicha vingi vimerundikana pembeni. "Kuna kitu unataka hapa?"

Diriye aliinama akatazama. Aliona picha ya kalenda, vitu vya shuleni, na takataka nyingine asizozijua.

"Hapana, mama. Hapo hakuna kitu ya maana. Futa."

Batula akafuta.

Kesho yake alasiri laptopu ilikuwa nyepesi kama mpya. Diriye alifurahi mno hata akampigia Idman simu kutoka pale dukani. Idman alikuwa ameshafika Garissa kwa maandalizi ya arusi, akaja mara moja. Aliketi mbele ya mashine, akaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta. Skrini ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana.

Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Hakuna. Akaandika ngamia kwa Kisomali, *geel*. Hakuna.

"Aabe," alimwita baba yake, "mashairi yako wapi?"

"Yako," Batula akadakia. Alifungua folda, na kweli namba zote zilikuwepo, safu kwa safu. Akafungua faili ya 0412 bila kuchagua. Ilikuwa shairi la ngamia, na neno *geel* lilikuwa kwenye mstari wa kwanza. "Mnaona? Maneno yapo. Shida ni hii ya kutafuta, imekufa. Nipeni muda."

Alianza na lililo rahisi. Kompyuta haitafuti ndani ya faili moja moja kila mtu anapouliza. Huzisoma zote mapema, ikajiwekea orodha ya maneno, na mtu akiuliza inaangalia kwenye orodha. Batula aligundua kwamba kazi hiyo ya kusoma ilikuwa imezimwa. Akaiwasha. Bado hakuna.

Kisha akaona kwamba orodha inasoma sehemu moja tu ya kompyuta, na folda ya Mashairi iko sehemu nyingine. Akaiongeza. Walisubiri saa nzima. Idman akaandika 0412, faili ikatokea. Akaandika *geel*, haikutokea kitu.

"Inaona majina lakini haioni ndani," Batula alisema. Kisha akauliza, "Marehemu alikuwa anachapa na programu gani?"

Idman alimtajia. Ilikuwa programu ya bure, ya zamani, ambayo mama yake aliizoea akakataa nyingine zote. Batula akajipiga paja. Yeye alikuwa ameweka programu ya aina nyingine kwenye mfumo mpya. Faili zilifunguka vizuri tu, ila ile orodha haikuwa na njia ya kusoma ndani ya faili za aina hiyo. Akaiweka programu ya Hani, akaifuta orodha yote, akaiamuru ianze upya.

"Sasa tuiache ifanye kazi. Rudini kesho saa nne asubuhi."

Asubuhi hiyo walikuja watatu. Faduma, mdogo wake Hani, alikuwa amefika kutoka Hulugho akiwa na shuka lake na daftari tupu la kunakilia. Batula aliandika *geel* tu, na skrini ikajaa. Mia mbili na kitu. Faduma alipiga kigelegele mle dukani mpaka watu waliokuwa wakisubiri kuchapisha wakageuka.

"Andika jina lako, mwanangu," Diriye alimwambia Idman. Alikuwa amesimama, hakutaka kukaa.

Zilitokea faili tisa. Walizisoma zote. Ya kwanza ilikuwa shairi la mwanamke wa Griftu ambaye naye aliitwa Idman. Nyingine ilikuwa mzaha ambao Hani aliutunga binti yake alipong'oka jino. Iliyofuata ilihusu siku alipoanza shule. Idman alicheka kwenye ile ya jino, akajifuta macho, akaendelea. Ya tisa ilipoisha aliangalia tarehe. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

"Si hizi," alisema.

"Labda haijamaliza kusoma," Faduma alisema.

"Imemaliza, mama," Batula akajibu. "Zote 1,206." Kisha akaangalia tarehe ya faili ya mwisho kabisa. Ilikuwa ya kabla Hani hajaanza kuugulia kitandani. Rangi ikambadilika. "Idman, mama yako alipokuwa mgonjwa alikuwa anahifadhi wapi?"

"Hapo mbele," Idman alisema. "Mikono ilikuwa inatetemeka, hakuweza kufungua folda ndani ya folda. Aliniambia anaziacha hapo mbele tu, nitakuja kuzipanga mimi."

Diriye alikaa chini.

"Mimi niliambia huyu mama afute," alisema. "Aliniuliza. Aliniuliza vizuri kabisa, nikasema hakuna kitu ya maana."

Batula hakuwaacha hapo. Alifunga kazi nyingine zote, na kwa siku tatu akapitisha kwenye diski programu za kufufua faili zilizofutwa. Alirudisha kalenda. Alirudisha nusu ya mtihani wa darasa la sita. Siku ya tatu zikatokea namba, 1207 hadi 1214, faili nane za miezi ile ya kitandani, na akawaita mbio. Alipofungua ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilijaa alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa. Mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya mahali pale pale. 1214 ilikuwa na tarehe ya siku nane kabla ya kifo. Ndani yake hamkuwa na herufi hata moja.

"Nisamehe, mzee," Batula alisema akilia.

"Wewe huna kosa," Diriye alimwambia.

Nyumbani Faduma alijaribu kuokoa jambo. Kulikuwa na shairi zuri ambalo Hani aliwahi kumtungia binti wa jirani. Wangebadilisha jina tu, wageni wasingejua.

"Mimi ningejua," Idman alisema. "Hilo ni la mwenyewe, mama. Liache."

Arusi ilifanyika Ijumaa. Wanawake walighani buraanbur za mama wa bwana arusi na za mashangazi. Zamu ya upande wa mama ilipofika, Faduma alisimama katikati ya duara. Alisema marehemu alimwandikia binti yake maneno na Mungu hakupenda wayasikie, akaomba wamsomee Hani Fatiha. Wakasoma. Ngoma zikaendelea. Diriye, aliyekuwa nje na wanaume, alisikia ule ukimya akajua ni wa nini.

Idman alirudi Mandera na mume wake. Hakumlaumu baba yake hata mara moja, na hilo Diriye analiona zito kuliko lawama. Mashairi yote 1,206 Batula ameyaweka kwenye diski tatu, moja iko kwa Faduma.

Mwezi uliopita Idman alipiga simu baada ya swala ya adhuhuri. Walizungumza habari za joto na za bei ya maziwa.

"Aabe, mama alikuwa anatunga kwa sauti. Siku zote. Wewe ulikuwa humo chumbani naye. Hukusikia hata mstari mmoja?"

Diriye alishika simu kwa mikono miwili. Alimkumbuka Hani kitandani, midomo ikicheza, akirudia kitu kilekile kwa sauti ya chini, akikigeuza na kukigeuza. Na alijikumbuka mwenyewe kwenye kiti karibu na dirisha, redio sikioni.

"Nilimsikia," alisema. "Nilimwambia apunguze sauti, nilikuwa nasikiliza habari."