Nilivyowatafsiria Kiwanda

Siku kampuni ilipokuja kuomba ardhi kijijini kwetu, upande wa Masieda, wilayani Mbulu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nalisema hili mapema ili msomaji asianze kunihurumia kabla hajasikia habari yenyewe.

Nilikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii na nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili nikituma maombi ya kazi kwa simu na kulima na mama. Baba alifariki nikiwa sekondari. Alimwachia mama shamba la bondeni, kando ya kijito, udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Shamba hilo ndilo lililonisomesha, kwa vitunguu saumu. Tuliyepakana naye alikuwa mzee mmoja rafiki wa baba, mwenye kipande kama chetu. Binti yake, rika langu, alikuwa amesomea umeme katika chuo cha ufundi, na yeye pia alikuwa amerudi nyumbani na cheti chake akikitunza katika mfuko wa nailoni.

Kampuni ilikuwa na kiwanda Arusha, cha kumenya vitunguu saumu, kuvikausha na kuvisaga. Sasa ilitaka kuhamia kwa wakulima wenyewe, na ilitaka bonde letu kwa sababu ya maji. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Wageni walikalia viti vya walimu, sisi tukakaa kwenye nyasi. Wazee wetu wengi Kiswahili chao ni cha salamu na cha mnadani, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji aliniita mbele nitafsiri. Nilivaa sketi niliyovaa siku ya mahafali. Nilijua kabisa kwamba wageni wananitazama, na nilitaka wanitazame.

Meneja alizungumza vizuri, bila majivuno. Alieleza barabara, maji, soko la uhakika. Kisha akafika kwenye jambo ambalo watu walikuwa wanalisubiri. Alisema kampuni inatarajia kutoa kipaumbele cha ajira kwa familia zitakazotoa ardhi.

Nikawageukia watu wetu, nikasema kwa Kiiraqw: kila nyumba itakayotoa shamba, mtoto wake mmoja ataandikwa kazi.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa lile jua la saa saba, au kwa kusema kwamba neno kama kipaumbele halina mwenzake kwetu. Si kweli. Kiiraqw si lugha maskini. Kina namna nyingi za kusema jambo ambalo bado halijaiva, na nilizijua zote tangu utotoni, kwa sababu ndivyo wazee wanavyozungumzia mvua. Nilichagua sentensi fupi kwa sababu niliona nyuso zikilegea. Nilijua pia kwamba mkutano ukivunjika bila makubaliano, kampuni itakwenda kijiji kingine na mimi nitarudi kwenye jembe.

Mama akanyoosha mkono. Mama hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, lakini aliheshimiwa, na shamba lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote pale bondeni. Alisema anatoa. Baada yake akanyoosha mkono yule mzee jirani, na baada yake nyumba nyingine tano. Mwenyekiti alisali kufunga mkutano. Meneja alinipa mkono, akaniuliza nimesoma wapi.

Nikaandikwa kazi kabla msingi haujachimbwa. Cheo changu kilikuwa afisa uhusiano wa jamii, na kitambulisho chenye picha nilikivaa shingoni hata nikienda kanisani. Siku walipong'oa mche wa mwisho wa vitunguu vyetu ili kusawazisha uwanja, nilikuwa ofisini Mbulu mjini na meneja, nikimsaidia kujaza fomu.

Mitambo ililetwa kwa malori kutoka Arusha, na nyuma ya mitambo wakaja watu wake. Kampuni ilihama na fundi wake, mpishi wake, mtunza stoo wake, hadi mlinzi wa geti. Walijengewa nyumba za safu zenye madirisha ya vioo. Hawakuwa watu wabaya. Wengine walinunua maziwa kwetu na watoto wao walisoma na watoto wetu. Lakini kila kazi yenye mkataba ilikuwa tayari na mtu wake, na mtu huyo alikuwa ameshashuka kwenye lori.

Kwetu ilibaki kazi ya kumenya. Kila asubuhi wanawake walisimama nje ya geti, msimamizi akatoka, akahesabu vichwa kadiri ya magunia ya siku hiyo, waliobaki wakarudi nyumbani. Mama alisimama pale na wenzake. Nilimwomba asije. Akaniuliza atalima wapi. Banda la kumenyea lilikuwa limejengwa juu ya shamba lake mwenyewe, na humo alikaa kutwa kwenye benchi akimenya vitunguu vilivyolimwa na watu wa vijiji vingine.

Mtu asiyewahi kumenya vitunguu saumu kutwa hajui vinavyoifanya mikono. Maji yake yanachoma kama dawa. Kwanza ngozi inakuwa laini, kisha inachubuka kati ya vidole, na kesho yake unarudia hapo hapo. Glavu zilitolewa mwezi wa kwanza, zikachanika, hazikuletwa nyingine. Niliandika barua kuhusu glavu. Barua hiyo niliiandika mimi, nikaipokea mimi kwa niaba ya ofisi, na nikaiweka kwenye faili mimi. Wanawake walifunga vidole kwa vipande vya kanga. Nyumbani, mama aliacha kula ugali kwa mkono. Alikula kwa kijiko, polepole, kama mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza.

Msimu wa pili, yule mzee jirani alikuja ofisini. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilisimama.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Aliketi, akauliza habari za mama ingawa wanaonana kila siku, akauliza habari za ng'ombe ambao alijua tulishawauza. Kisha akasema binti yake amekwenda getini mara tatu na cheti chake cha umeme, na mara zote mlinzi amemwambia fundi yupo. Alidhani mlinzi hana taarifa. Aliniomba nimwonyeshe karatasi ambayo kazi ya mtoto wake imeandikwa, ili aende nayo yeye mwenyewe.

Nilimwacha pale, nikaingia kwa meneja. Nilimweleza kwamba kuna familia zilizotoa ardhi na bado hazijapata ajira zao. Alivuta faili, akafungua muhtasari wa ule mkutano, akaniwekea kidole kwenye mstari. Nilisoma. Kampuni inatarajia kutoa kipaumbele.

“Ajira zao zipi?” aliuliza. “Mimi sikuahidi mtu ajira. Nani aliwaambia hivyo?”

Hakuwa ananitega. Aliuliza kwa sababu kweli hakujua. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikasema labda wazee hawakuelewa. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ndiyo maana elimu ni muhimu, akaendelea na kazi zake.

Nilirudi kwa mzee, nikamwambia bado wanalishughulikia. Alinishukuru. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alinishukuru, na akaniambia kijiji kina bahati kuwa na mtoto wake humo ndani.

Aliendelea kuja. Kila baada ya wiki chache aliketi kwenye kiti kile kile, nami nilimwambia neno lile lile kwa maneno tofauti. Siku nyingine nilimwona anakuja kwa mbali, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajifanya nakagua mitaro.

Baada ya msimu wa tatu kampuni ikatangaza upanuzi. Meneja alituita wafanyakazi wenye mikataba, tukapewa soda. Alisema biashara imekua, na kiwanda kipya kikubwa zaidi kitajengwa Nangwa, wilayani Hanang, karibu na barabara ya lami na umeme usiokatika. Mashine zote zitahamia huko. Nafasi za kazi zitaongezeka mkoani kwetu. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha akasema kijiji lazima kiambiwe kwa utaratibu, na akanitazama.

Mkutano ulikuwa uwanja ule ule. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Aliposema kampuni inatarajia, nilisema inatarajia. Aliposema kampuni itaangalia uwezekano wa kutumia majengo haya siku zijazo, nilitafuta namna ile ya wazee ya kusemea mvua, nikaitumia. Watu walielewa vizuri sana. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti aliuliza kama mashamba yatarudishwa, meneja akajibu kwamba kampuni bado ina hati na ina mipango, nikalitafsiri hilo pia.

Ndipo yule mzee aliposimama. Alizungumza kwa Kiiraqw, hakunitazama.

“Huyu mgeni mimi simlaumu,” alisema. “Sikumwelewa siku ile, na leo simwelewi. Aliyeniambia mtoto wangu ataandikwa kazi ni mtoto wa rafiki yangu. Kwa kinywa chake. Nataka aniambie kama ni mgeni aliyesema uongo, au ni yeye.”

Uwanja mzima ulinigeukia. Meneja akaniinamia, akauliza taratibu mzee anasema nini.

Nilifikiria kumwambia kwamba mzee anaishukuru kampuni. Ningeweza. Hakuna hata mmoja kati ya wageni ambaye angejua. Nikamtafsiria kama ilivyosemwa, nikimtaja mtu niliyekuwa mimi kana kwamba yuko mahali pengine. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Niliona uso wake ukitulia. Alikuwa ameingia mkutanoni akiwa na wasiwasi, na sasa mzigo ulikuwa umepata mtu wa kuubeba.

“Basi hilo ni la kwenu ninyi wenyewe,” alisema. “Mtalimaliza kindugu.”

Nikawageukia watu, nikawaambia kwamba mgeni hakusema uongo. Ni mimi. Nilisema hivyo tu. Mzee aliketi. Mwenyekiti alifunga mkutano bila sala.

Mama alitangulia nyumbani. Nilimkuta jikoni akichambua mboga. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, sentensi ya meneja na sentensi yangu. Nilimwomba anisamehe kwa ajili ya shamba. Hakuacha kuchambua.

“Nilimsikia,” alisema. “Alisema wanatarajia. Redioni wanasema kutarajia kila siku, mtu gani hajui kutarajia?”

Nikamuuliza kwa nini basi alinyoosha mkono.

“Nilikuona umesimama pale na sketi yako,” alisema. “Miaka miwili unakaa na mimi hapa. Nikajua nikitoa, wengine watatoa, na wewe watakuchukua.”

Nilitaka kulia kwa shukrani lakini shukrani haikuja. Nilimfikiria mzee, ambaye alinyoosha mkono kwa sababu mama alinyoosha. Mama naye nadhani alimfikiria, maana alisema tusiongee tena habari hiyo, na mpaka leo hatujaongea.

Kampuni iliniambia nafasi yangu ipo Nangwa nikiitaka. Nikaenda. Ningependa kuandika kwamba nilikataa, lakini mama hakuwa na shamba na mikono yake haikuwa ya kazi tena. Sasa nimepanga chumba hapa na kila mwisho wa mwezi namtumia chochote. Amekodi kipande kidogo mlimani ambako vitunguu havikubali, anapanda maharage. Hataki kuja kuishi na mimi. Anasema Nangwa kuna upepo.

Kule bondeni uzio bado upo. Mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh amepangishwa banda, anahifadhi mahindi. Nyumba zenye vioo zimebaki tupu, na watoto wamezipiga mawe. Nikienda likizo lazima nipite mlangoni kwa yule mzee, hakuna njia nyingine. Namwamkia shikamoo. Kwetu hata adui huitikiwa shikamoo yake. Yeye ananitazama mpaka nipite, hafungui kinywa.

Mwaka huu mwenye nyumba wangu aliamua kubadilisha nyaya za umeme. Fundi aliyemleta kutoka Katesh alikuwa yule binti. Ana mkanda wake wa zana, ana pikipiki, anafunga umeme madukani. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliianza mwenyewe, akiwa na koleo na bisibisi, kwa kurekebisha redio za watu. Tuliamkiana kwa majina kama zamani. Nilishika ngazi, yeye akapanda, akafanya kazi yake kwa utulivu, akavuta nyaya za zamani zikitoka na vumbi.

Alipomaliza aliwasha na kuzima taa mara mbili, akaanza kukusanya vifaa. Nilimwuliza baba hajambo. Alisema hajambo, miguu tu. Akafunga mkanda wake, akasimama mlangoni.

“Baba amenituma,” alisema. “Amesema ukipita usimwamkie tena. Anasema kunyamaza kunamchosha.”

Nikamwambia nimesikia. Aliuliza kama nataka taa ya nje pia, kwa kuwa waya ulikuwa umebaki. Nikasema ndiyo, akapanda tena ngazi.